Kukaza Si Kulaza

Kukaza si kulaza. Mmeyasikia maneno hayo leo mkutanoni, katibu alipomjibu yule bwana aliyetaka mwalo wetu, hapa wavuvi wanapopakulia samaki, ufungwe miezi mitatu ili wenye nyavu haramu washike adabu. Nikawaona mnatazamana. Musiba akanong'ona kwamba labda yanahusu kubembeleza watoto. Nyamumwi, wewe ukaniuliza kama ni maneno ya wahenga.

Hapana, wajukuu zangu. Wahenga hawakuyajua. Maneno haya yana umri wa miaka kumi na saba, na yalianzia hapa hapa Nyakasero, kwenye tela la kubebea pikipiki ya majini. Mimi nilikuwepo. Tena si kuwepo tu. Aliyekuwa anakaza ni mimi.

Ilikuwa hivi.

Rasi yetu imeingia ziwani kama mguu wa mtu aliyelala. Sisi tuko upande huu, Lugongo iko upande wa pili. Ukitaka kuizunguka kwa maji, miamba na mawimbi vitakula saa nzima na zaidi. Kwa barabara ni kilomita kumi na moja. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayowasimulia, mtumbwi ulipinduka upande wa Lugongo, watu saba wakafa. Mmoja wao aliitwa Majura. Waliokuwa ufukweni walisema watu wale waliushikilia mtumbwi uliopinduka karibu nusu saa, wakisubiri msaada, kisha wakaachia mmoja mmoja. Hilo la kuachia mmoja mmoja ndilo lililotukosesha amani. Tukaunda kikundi cha uokoaji.

Hoteli moja ya mjini ilikuwa inafungwa, wenyewe wakatupatia pikipiki yao ya majini, ya kukaa watu watatu. Ilikuwa na mbio ajabu. Msamaria mwingine akatupatia tela kuukuu lililowahi kubeba boti pana ya mbao. Mimi nilikuwa na pikapu, na nilikuwa nimeendesha malori miaka ishirini na tano. Nikajitolea kuwa dereva. Simu ikipigwa kutoka Lugongo, tunaifunga pikipiki kwenye tela, tunakata rasi kwa barabara, tunaishusha majini. Dakika ishirini.

Taa moja ya tela ilikuwa imeng'oka, kwa hiyo mwenyekiti wetu, Mzee Magesa, akamwita fundi Nyabise aichomelee. Nyabise alikuwa na banda lake karibu na mashine ya kusaga. Alitengeneza milango, madirisha na vitanda vya chuma. Mwanamke mfupi, mtaratibu, msemaji mdogo. Yule Majura niliyemtaja alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Alichomelea taa, lakini hakuondoka. Akaingia chini ya tela, akalala chali kwenye mchanga, akatazama. Alipotoka akaomba masizi ya sufuria. Akayapaka kwenye zile mbao mbili zilizovikwa zulia ambazo pikipiki hukalia, akatuomba wanaume sita tuishushe pikipiki juu yake, kisha tuinyanyue tena. Chini ya tumbo la pikipiki kukawa na alama mbili tu nyeusi, moja kila upande, ndogo kama kiberiti.

"Kaka Masatu, unaona?" akaniambia. "Mzigo wako wote umesimama hapa na hapa. Hizi mbao zilipangwa kwa boti pana. Hapa zilipogusa, ganda lake ni jembamba. Penye mbavu ngumu hapajagusa kitu. Na pua haifiki kwenye kile kizuizi cha mbele, iko hewani. Haijalala hii."

"Nitaifunga," nikasema.

"Kufunga utaifunga. Nipe siku mbili nisogeze mbao na kizuizi."

Ilikuwa Ijumaa. Jumapili tulikuwa na uzinduzi, na mgeni rasmi alikuwa anatoka wilayani. Mzee Magesa akakuna kichwa. "Fundi, si tungefanya hayo baada ya wageni kuondoka?"

Mimi nikaongeza la kwangu. Nikasema nimebeba mashine za kukoboa, nimebeba ng'ombe hai, nimebeba jeneza kutoka mkoa hadi mkoa, na hakuna kilichowahi kudondoka. Nikasema mzigo haushindi mkanda. Watu wakacheka. Nyabise akafuta mikono kwenye kanga, akachukua vifaa vyake, akaenda zake.

Uzinduzi ukapita, na hakuna aliyelikumbuka tena jambo lile. Nimesema uongo. Mimi nililikumbuka. Nilikuwa naliona kila tulipokwenda kwenye mazoezi, kwa sababu pikipiki ilikuwa ikicheza kwenye tela. Tukipita yale makorongo ya barabarani, inasogea kidogo kulia, kidogo nyuma. Nasimama, nashuka, nakaza mkanda. Baadaye nikapata mikanda minene zaidi, ile yenye kikazio cha chuma. Halafu nikawa navisha bomba kwenye mkono wa kikazio ili nipate nguvu zaidi. Nikimaliza, naupiga mkanda kwa kidole, unalia kama uzi wa zeze. Mlio ule ulinipendeza sana. Niliposikia umelia namna ile, nilijua nimefanya kazi.

Zikapita wiki saba.

Jumatano moja, saa saba mchana, simu ikapigwa. Mtumbwi umezama Lugongo, watu sita wako majini. Nilikaza kwa bomba mpaka mishipa ikanisimama shingoni, tukaondoka mimi na Bwire, kijana aliyefundishwa kuiendesha ile pikipiki. Katikati ya njia ikaanza kuyumba, nikasimama nikakaza tena. Tulifika. Tukaishusha majini, ikawaka mara moja, Bwire akaondoka nayo na watu ufukweni wakapiga vigelegele.

Alikwenda kama mita mia mbili. Kisha mlio ukabadilika. Nikaona nyuma ya pikipiki inakaa chini majini, kama kuku anayeatamia. Mlio ukakata. Bwire akawa anapunga mikono katikati ya maji, na wale watu wako mbele yake, hawajafikiwa.

Wavuvi wawili waliokuwa wanatengeneza nyavu wakachukua mtumbwi wao wakapiga kasia. Wakawatoa watu watano. Wa sita alikuwa Nyangeta, mpishi wa shule yetu ya msingi. Tulimpata kesho yake asubuhi.

Tulipoivuta pikipiki nje na kuilaza ubavu, maji yakamwagika kutoka tumboni. Kulikuwa na ufa wa urefu wa kiganja, mahali palepale palipokuwa na alama ya masizi. Watu hawakuelewa. Wakasema vitu vya kupewa ndivyo vilivyo. Mzee Magesa akasema ni mapenzi ya Mungu. Hakuna aliyeninyooshea kidole, na kama mmewahi kuwa na kosa lisilojulikana na mtu, mnajua jinsi linavyokaa kifuani.

Baada ya mazishi nikaenda kwenye banda la Nyabise. Alikuwa anakwangua kutu kwenye fremu ya kitanda. Nilisimama mlangoni.

"Karibu, kaka," akasema.

"Dada, nilikaza," nikamwambia. "Mungu ni shahidi yangu, nilikaza mpaka mwisho wa nguvu zangu."

Akaiweka brashi chini. "Najua ulikaza. Niliuona ule mkanda. Lakini kukaza si kulaza, kaka Masatu."



"Mzigo ukilala vizuri, mkanda hauna kazi kubwa," akaendelea. "Unauzuia tu usiruke. Wako ulikuwa umesimama kwenye ncha mbili. Kila ulipovuta, ulikuwa unaukandamiza kwenye ncha zile. Ufa ule haukuletwa na barabara."

"Umeletwa na mimi."

"Na mkono wako, ndiyo."

Nilikaa chini kwenye kipande cha mbao. Kisha nikamuuliza jambo la kijinga, kwa sababu mtu mwenye hatia hutafuta wa kugawana naye. "Sasa kwa nini hukushikilia neno lako? Mbona ulituacha?"

Nilidhani atakasirika. Akaitazama ile fremu.

"Hilo nami najiuliza kila siku," akasema. "Majura alifia kwenye maji yale yale. Mimi nikasema mara moja, mkacheka, nikaona aibu, nikaondoka. Ningeweza kurudi Jumatatu. Banda langu liko hatua mia mbili kutoka pale." Akachukua brashi yake. "Lete tela."

Tulifanya kazi siku mbili, yeye fundi na mimi msaidizi. Ufa tuliuziba kwa faiba na gundi, tukauacha ukauke. Kisha akanionyesha, kwa kupapasa, zilipo mbavu ngumu chini ya tumbo la pikipiki. Akapima upana kutoka ubavu hadi ubavu kwa kipande cha kamba, kwa kuwa alisema kamba haisahau. Tukalegeza nati zote za zile boliti zilizopinda zinazoshikilia mbao, tukazisogeza mbao zikakaribiana, shibiri nzima na ushee, na tukaziinamisha kidogo kwa ndani zifuate mteremko wa tumbo. Kizuizi cha mbele tukakirudisha nyuma mpaka pua ikaegemea mpira wake. Kisha akaniambia niinue kwa mikono shingo ya tela, ile inayofungwa kwenye gari.

"Unaonaje?"

"Nyepesi mno. Inaninyanyukia yenyewe."

"Basi uzito uko nyuma, ndiyo maana ilikuwa inayumba ukiendesha." Tukavisogeza vyote mbele, mbao na kizuizi, kidogo kidogo, na kila mara akiniambia niinue tena, mpaka shingo ikawa nzito kiasi cha kunikumbusha kwamba iko mkononi, lakini hainishindi.

Akapaka masizi. Tukaishusha, tukainyanyua. Safari hii chini kukawa na mistari miwili mirefu, myeusi, kutoka mbele mpaka nyuma, kama barabara mbili. Nyabise alipitisha kidole juu ya mstari mmoja, taratibu, akaanza kulia. Nilishika spana nikaanza kukaza nati.

Nilipofunga mikanda, nilinyoosha mkono kulichukua bomba langu. Akalisogeza kwa mguu. "Kaza mpaka iache kucheza, basi," akasema. Tukachora mstari wa chaki pale pua inapokutana na mpira, tukaenda Lugongo na kurudi katika makorongo yale yale. Chaki haikuachana hata unene wa ukucha.

Jumapili nikasimama mkutanoni. Mzee Magesa hakutaka. Alisema tusifukue yaliyozikwa. Lakini nilisimama. Nikaeleza masizi, mkanda, bomba na ufa. Nikawaambia maneno aliyoniambia fundi. Mume wa Nyangeta, anaitwa Mafuru, alikuwa ameketi safu ya pili. Aliinuka, akavaa kofia yake, akatoka nje. Kwa zaidi ya mwaka hakunisalimia, na sikumlaumu.

Nyinyi mnaweza kudhani hadithi imeishia hapo. Lakini mpaka wakati huo yalikuwa maneno ya tela tu. Watu waliyasema wakifunga magunia ya dagaa kwenye baiskeli, wakicheka. Aliyeyafanya yawe methali ni Mafuru.

Alikuja nyumbani kwangu siku moja asubuhi, hakukaa. "Masatu," akasema, "yale maneno ya fundi uliyosema. Nakuuliza kama dereva, si kama rafiki. Mtoto wangu Nyakwesi hataki shule tangu mama yake afe. Nimemchapa. Nimemfungia ndani. Nimemnyima sikukuu. Nimemsindikiza mpaka mlangoni mwa darasa, na nikigeuka, ametoroka. Mwaka mzima nimekaza. Kulaza kunafanywaje?"

Nikamwambia ukweli. "Sijui, ndugu yangu. Ninachokumbuka ni kwamba Nyabise, kabla hajagusa kitu, aliingia chini akatazama."

Aliondoka bila kuaga. Alichokifanya alinisimulia baadaye sana. Siku ile hakumuuliza mtoto kwa nini hataki shule. Alimwambia tu, "Twende, unionyeshe njia unayopita." Wakaenda wawili, polepole, mpaka uani mwa shule, na walipolikaribia jiko la shule, ambako uji ulikuwa unachemka, Nyakwesi akasimama kama aliyepigwa. Kila asubuhi, mwaka mzima, mtoto yule alikuwa anapita mbele ya jiko la mama yake, na moshi ni ule ule, na harufu ni ile ile, na anayekoroga ni mtu mwingine.

Mafuru alikaa naye palepale chini, baba na binti, mpaka kengele ya mapumziko ikalia. Juma lililofuata akamhamishia shule ya Lugongo. Mwenye pikapu ya kwenda Lugongo alikuwa mimi, kwa hiyo aliyempeleka kila asubuhi kwa miaka miwili ni mimi. Alikuwa anakaa mbele, madaftari mapajani. Hakutoroka hata siku moja.

Mafuru ndiye aliyeanza kuyasema maneno yale kwenye mambo ya watu. Wazazi wakigombana na mtoto, yeye huyo. Mume akimfungia mkewe geti, yeye huyo. Na kwa kuwa kila mtu hapa alijua alichopoteza, walimsikiliza.

Basi leo katibu alipomwambia yule bwana maneno yale, hakuwa anamkataza kuutunza mwalo wetu. Alikuwa anamuuliza kama amekwenda kwa hao watu wenye nyavu mbaya, akakaa nao, akaona wanapobanwa ni wapi. Kwa sababu kamba unaweza kuivuta mpaka ilie, na watu wakakusifu kwa mlio wake, na chini, usipopaona, kitu kinapasuka.

Kukaza si kulaza.