Aliyemwitikia Mwenzake

Nawapigia mfano, wapendwa. Walimu mliomo humu msinune, shule yenyewe nimeijenga kichwani mwangu asubuhi hii.

Kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha sita, shule ya bweni. Kidato cha sita mnawajua. Mtihani uko mlangoni, walimu wamemaliza kufundisha, kila mtu anajisomea anapopata kivuli. Asipoonekana mmoja, nani atashtuka? Kwa hiyo kila asubuhi matroni aliwapanga mstari mbele ya bweni, akasoma majina, na akifika la mwisho anatia kufuli mpaka saa tisa alasiri, asibaki mtegaji akikoroma ndani.

Wasichana nao walikuwa na dawa yake. Waliiita kuitikiana. Mwenzako akikwama, unajificha nyuma ya mrefu, unabana sauti, unasema "Nipo." Na huo, eti, ndio upendo.

Siku moja mwenzake anayelala kitanda cha chini yake akamwambia msichana wetu, "Shoga, kichwa kinaniuma. Niitikie nijilaze kidogo, nitatoka kabla hajafunga."

"Jilaze tu, hiyo niachie mimi."

Jina la mwenzake likasomwa. Msichana wetu akabana sauti: "Nipo."

Matroni, kufuli mkononi, akauliza, "Ndani hamna mtu?"

 Msichana wetu akageuka huku na huku, mwenzake haonekani. Akisema ukweli, wote wawili watapewa adhabu ya kung'oa visiki wiki nzima. Akajipa moyo kwamba atakuwa ameshatoka, labda yuko chooni. Wakajibu kwa pamoja, "Hamna, matroni," na sauti yake ilikuwemo.

Saa nne, kwenye uji, hakumwona. Akasema huyu atakuwa zahanati. Saa saba akamwekea ugali na maharage, akafunika kwa sahani nyingine. Mnaona alivyokuwa mwema? Chakula alimwekea. Kilichomshinda ni kwenda kwa matroni na kusema maneno matatu: mwenzangu yumo ndani.

Saa tisa matroni akafungua kufuli. Mlango ukagoma, kuna kitu kimeuzuia kwa ndani. Wakasukuma, ukaachia kidogo, na kwenye ule upenyo ukaonekana mkono wa mtu sakafuni, vidole vimechubuka kwa kugonga mchana kutwa bila mtu wa kusikia. Msichana wetu aliujua mkono ule kabla hajaona uso. Akakaa chini pale pale, ile sahani ya ugali mapajani.

Malaria ilikuwa imempanda mwenzake kichwani. Alipona? Alipona, tumshukuru Mungu. Siku ya tatu, hospitali, alifumbua macho akamkuta rafiki yake pembeni ya kitanda.

"Kwa nini hukuita mapema, sisi bado tuko mstarini?"

"Nilizidiwa ulipotoka tu," mgonjwa akasema. "Nikajikokota mpaka dirishani. Nikasikia jina langu linasomwa, nikafungua kinywa niseme naumwa. Kabla sijatoa sauti, nikasikia nimeshaitikia."

Haya, tuje kwetu. Msiwacheke wasichana wa watu, maana sisi ni mabingwa wa kuitikiana. Mzee wa kanisa anauliza, "Mama fulani simwoni siku hizi, vipi?" Nasi tunadakia hata hajamaliza, "Hajambo kabisa." Ulimwona lini? Uliingia ndani kwake, au uliona mlango umefungwa ukasema atakuwa amesafiri? Tunadhani tunamstahi mwenzetu, kumbe tumemfungia. Ile "hajambo" yako ndiyo kufuli, na mtu yuko nyuma yake anagonga, na sisi huku tunaimba.

Sasa tazama benchi ulilokalia. Hapo penye mwanya palikuwa na mtu. Leo ni Jumapili ya ngapi? Usinijibu mimi, nimechoka kujibiwa. Tukitoka hapa, kabla hujaenda kunywa chai, nenda ukabishe hodi kwake, na usiondoke mpaka uitikiwe na yeye mwenyewe.