Baraza la Kikohozi na Mbwa wa Bibi Mkunde

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wazee wa baraza walioshiba? Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale palikuwa na kijiji kando ya bwawa. Watu walilima muhogo, na nguruwe mwitu waliupenda muhogo kuliko wao. Kati ya muhogo na nguruwe alisimama mbwa. Bila mbwa, njaa.

Na shukrani ya mbwa ilikuwa nini? Mwiko! Mbwa hakuruhusiwa kulala penye moto wa watu. Akishalinda shamba, alifungiwa zizini, kando ya bwawa, pamoja na mbu. Nziii! Usiku kucha, nziii!

Basi mbwa wakaanza kukohoa. Kho! Kho! Mbavu zikawatoka, wakavimba matumbo. Wakikimbia kidogo tu, chini, ulimi nje.

Baraza likakaa. Kukaa lilijua, kusimama ndiko kulikolishinda. Jumbe Kihiyo akakohoa, kikohozi cha heshima, si cha mbwa, akatamka: "Huu ni uvivu. Dawa ya mvivu ni mbio."

Mbwa wakakimbizwa kuzunguka kijiji. Kho! Puu! Akaanguka mmoja. Kho! Puu! Akaanguka mwingine. Baraza likakaa tena, likaamua kwamba mbio hazikutosha.

Mbwa mmoja tu hakukohoa. Jina lake Waache-Waseme, na mwenyewe ni Bibi Mkunde, mjane mzee ambaye kijiji kile kinamtaja hadi leo. Kila jioni alimlaza jikoni mwake, kwenye moshi wa kuni.

Jumbe akamwita. "Bibi, umevunja mwiko. Mbwa aende zizini leo hii. Ukikataa, atauawa."

"Akifa, nani atawafukuza nguruwe shambani kwangu? Wewe?"

"Jibu hoja!"

"Hoja imelala pale." Akamwonyesha mbwa wa Jumbe mwenyewe, aliyefia mbioni asubuhi ile. "Mpasueni."

Wakampasua. Moyo umejaa minyoo, mirefu, myeupe, kama nyuzi zilizotatizana. Baraza zima likaziba pua.

"Huyo ndiye mvivu wenu," akasema bibi. "Moyo umejaa, nanyi mnamkimbiza. Mbu ndio waliompandia minyoo hiyo."

Wazee wakacheka hadi vigoda vikalia. "Mbu! Mnyoo wote huu ulikaa wapi ndani ya mbu?"

"Mtama ulipoupanda, baba, ulikuwa na suke? Mbu hupanda mbegu. Mnyoo hukulia ndani. Wanaolala kwa mbu wanaugua. Anayelala moshini haugui. Mnataka niwatafunie?"

Jumbe akaona amevunjiwa hadhi. Akaamuru baraza lihamie kando ya bwawa, hukumu isomwe huko jua likizama, ili bibi aone kwamba mbu si kitu.

Jua likazama. Nziii!

"Kwa kuwa mbwa huyu..." Pa! Shavuni.

"Na kwa kuwa mwiko wetu..." Pa! Pa! Shingoni.

Mzee mmoja akakumbatia kigoda chake akatimua. Wengine nyuma yake. Kumbe mbio waliziweza! Hukumu ikabaki bwawani, haijamaliza hata "kwa kuwa".

Moto wa karibu ulikuwa wa Bibi Mkunde. Jumbe akajitoma jikoni, macho yanamtoka machozi, akamkuta Waache-Waseme amejinyoosha mahali penye moshi mzuri.

"Sogea kidogo," Jumbe akamwambia mbwa.

Kesho yake zizi likavunjwa, mbwa wakaingizwa jikoni. Moshi haukuwaponya waliokwisha kuugua. Wengi walikufa, ila walikufa wamepumzika. Watoto wao wakakulia jikoni, na muhogo ukapona. Baraza likatangaza kwamba hayo yalikuwa maoni yake tangu mwanzo.

Nanyi mlionisikiliza: kabla hujamwita mwenzio mvivu, nenda ukalale anapolala yeye. Hadithi yangu imekomea hapo. Anayebisha, bwawa bado lipo.