Waliosambaza Wengi

“Waliosambaza wengi, aliyepona nani?” Mmemsikia shangazi yenu akimtupia jirani maneno hayo, mkacheka, sasa mnataka asili yake. Methali hii ilianza hivi.

Pale Korogwe alikuwako fundi cherehani, Bi Mwantumu, aliyeishi na kisukari mwaka wa tisa. Vidonge hakuvikosa, na wali mara nyingi aliula kwa macho.

Siku moja ujumbe ukaingia katika kikundi chao cha simu, kile cha kufa na kuzikana: chemsha mbegu ya parachichi, kunywa siku saba, achana na vidonge, sukari kwaheri. Juu yake pameandikwa, “Umesambazwa mara nyingi.” Kwa Bi Mwantumu huo ulikuwa muhuri. Watu wote hao wangeusambazaje kama haujawaponya? Akavifungia vidonge kabatini.

Siku ya tano kiu haikatiki, na macho yameingia ukungu. Naye alikuwa akishona gauni la arusi la mjukuu wake, Sikudhani. Binti alipolijaribu, akakuta mkono mmoja umeshonewa shingoni.

“Bibi, kichwa nikitolee wapi?”

Walicheka, lakini Bi Mwantumu aliogopa. Macho yakienda, cherehani atamwachia nani? Akaeleza yote.

“Nani kakutumia?” akauliza Sikudhani.

“Wifi yangu.”

Wakampigia. “Mimi nilitumiwa na katibu,” akasema wifi. “Sukari sina, mwanangu.” Katibu naye hana sukari, alitumiwa na Bi Chausiku muuza vitenge. Bi Chausiku alipoulizwa akacheka hadi akapaliwa.

“Mwantumu, si wewe uliyenitumia mwaka jana, kabla ya mfungo? Ukasema hujausoma, ni mrefu.”

Bi Mwantumu akatafuta pa kuficha uso, asipaone. Kumbe muhuri alioupigia magoti aliugonga mwenyewe.

Wakaenda zahanati moja kwa moja. Sukari ilikuwa imepanda kweli, nesi akamgombeza kidogo na kumrudisha kwenye vidonge vyake. Gauni alilimalizia Sikudhani, bibi akielekeza, na bi arusi alipendeza.

Wiki chache baadaye macho yakatulia. Siku ileile aliyotunga uzi mwenyewe tena, simu ikalia: mbegu ya parachichi, siku saba, imerudi kikundini. Bi Mwantumu akavaa miwani, akajibu kwa maneno manne tu, na hadi leo hakuna mwanakikundi aliyeyapatia jibu:

“Waliosambaza wengi, aliyepona nani?”