Muhuri Wenye Kucha Nne

Wenzangu, masikio mmekuja nayo?

—Tumekuja nayo!

Yategeni basi, na anayetafuna afunge mdomo!

Hapo zamani za kale, Simba aliandika amri zake kwenye gome la mti, akazipiga muhuri wa unyayo wake kwa udongo mwekundu. Desturi ilikuwa hivi: ukiletewa gome, piga magoti, inamisha macho. Kuutazama muhuri wa Mfalme ni utovu wa adabu.

Mbweha akaijua desturi hiyo. Akaipenda!

Akaenda kwa Bi Digidigi, kifua mbele, gome mkononi. "Amri ya Mfalme! Kila kichaka kisajiliwe upya. Toa matikiti, la sivyo unahamishwa leo!"

Bi Digidigi akapiga magoti, macho chini. Akatoa matikiti yote.

Siku ya pili: "Amri ya Mfalme! Umechelewa kujisajili. Toa njugu!"

"Mjumbe, si nilitoa jana?"

"Unabishana na Simba, mama?"

Akatoa njugu zote.

Siku ya tatu Mbweha hakutaka njugu. "Amri ya Mfalme! Watoto wahesabiwe. Nipe huyo kitindamimba."

Mama akamvuta mtoto karibu. "Atarudi lini?"

"Akishahesabiwa," Mbweha akasema, mate yakimdondoka. Jamani, karani gani huyo?

Bi Digidigi akapiga magoti. Mbweha, kwa uroho, akalibwaga gome chini apate mikono miwili ya kumkamata mtoto. Likaangukia palepale macho yalipoinama.

Digidigi husoma nyayo kila alfajiri, ndiyo maana yu hai. Simba akitembea, kucha huzificha. Muhuri huu ulikuwa na kucha nne!

Akaituliza sauti. "Mjumbe, mtoto wa kwenda kwa Mfalme haondoki kimyakimya. Nimpigie vigelegele kwanza."

"Haraka!"

Akapiga cha kwanza. Akapiga cha pili. Cha tatu kikaitikisa nyika, wanyama wakaja mbio kuuliza nani kaolewa. Simba naye akaja.

"Ee Mfalme, leo nakosa adabu," mama akasema. "Nimeutazama muhuri wako. Tangu lini unatembea kucha nje?"

Simba akakanyaga udongo kando ya gome. Hakuna kucha.

"Mheshimiwa Mjumbe," Tumbili akadakia, "hebu nawe kanyaga!"

Mbweha, mkia katikati ya miguu, akakanyaga. Kucha nne!

Simba akaweka sheria: muhuri utazamwe na wote. Naye Mbweha, kila akaribiapo kwa watu, apaze sauti kwanza: "Sikutumwaaa! Sikutumwaaa!"

Ndicho anacholia mpaka leo.

Basi, anayekuja kwa jina la mkubwa, mkague kabla hujampa chochote. Heshima haikufumbi macho.

Ngano yangu imefika ukingoni: tamu yake gawaneni, chungu yake nitameza mwenyewe.