Kapeti la Mzee Shekue

"Saruji ya nini? Tandika kapeti la plastiki, mashimo ya sakafu yajifiche!" Mzee Shekue alifoka. "Nikiuza nyumba leo, kesho unahama."

"Nihamie wapi na watoto, baba?" aliuliza Mishi, mpangaji wake.

"Mtajua wenyewe!"

Mishi akatandika. "Limependeza. Tatizo mnunuzi atalikanyaga na matope yake."

"Si atavua viatu mlangoni? Hukufunzwa ustaarabu?"

"Kweli, akili ni mali. Nitavipokea mimi."

Mnunuzi alipofika, Mishi alivipokea viatu kwa adabu zote. Mzee alitangulia akiisifia sakafu kama bibi harusi. Hatua ya tatu, kidole gumba cha mgeni kikazama shimoni, kapeti na yote. Ya nne, kisigino. Akageuka, akichechemea.

Mishi alikuwa anamsubiri mlangoni, viatu mkononi.

"Macho yangu uliyadanganya, mzee," alisema mgeni akivaa. "Ungeniachia viatu, na nyayo ungezidanganya."