Kwa Nini Askari wa Mchwa Hutafuniwa Chakula

Mchwa hawakuwa hivi tunavyowaona. Hapo mwanzo wote walikuwa na vichwa vya ukubwa mmoja. Aliyetoka kukata nyasi ndiye aliyepalilia bustani za uyoga chini ya kichuguu, na siafu walipovamia, huyohuyo ndiye aliyekwenda mlangoni kupigana. Kila mmoja alijitafunia chakula chake. Kazi zilikuwa nyingi na hapakuwa na nafasi ya kuulizana nani mkubwa.

Kisha ukaja ukame, uyoga ukapungua, na maneno yakaanza. Vijana waliokuwa wamewashinda siafu mara mbili walidai kwamba anayeuma ale kwanza, na anayekula kwanza atawale. Wengine wakakataa. Baraza lilikaa siku tatu bila kuafikiana, na siku ya nne damu ikamwagika. Taifa likakatika vipande viwili. Wale vijana, waliojiita Mataya, waliteka nusu ya juu ya kichuguu, pamoja na mlango na ghala lote la nyasi kavu. Waliobaki walijikusanya chini, kwenye bustani. Mataya waliwaita Wapishi ili kuwadharau, na jina likashika.

Kalunde alikuwa Mpishi. Mwanawe wa kwanza, Lugembe, alikuwa Taya. Aliondoka asubuhi moja bila kuaga, akaacha tonge lake nusu. Kalunde alilimalizia mwenyewe, kwa kuwa chakula hakitupwi, kisha akaenda kupalilia. Lakini kila pigano lilipoisha, alikwenda kuwageuza maiti mmoja baada ya mwingine na kuwatazama nyuso.

Mataya walishinda mapigano yote. Walikuwa na desturi yao: kila asubuhi walinoa mataya kwenye changarawe, na taya kadiri linavyonolewa ndivyo linavyokua. Mwenye taya refu alipewa cheo. Mwenye fupi aliulizwa kama mama yake amemruhusu kutoka. Basi wakanoa, na vichwa vikavimba ili vibebe uzito ule. Huku chini Wapishi walipoteza chumba baada ya chumba, mpaka zikabaki bustani tatu. Mzee Mabula, kiongozi wao, akatangaza kwamba kuanzia kesho yake nao watanoa.

Siku hiyohiyo akaletwa mateka, kijana mwenye mataya marefu kuliko mwili wake, tumbo limeshikana na mgongo. Kalunde alipewa kumlinda. Akamwekea tonge la uyoga. Kijana aliinama, mataya yakalisukuma tonge mbali. Akalifuata, likasogea tena. Mara ya tatu aliacha, akautazama ukuta kama mtu aliyeshiba.

Kalunde alikuwa amelea watoto wengi, na njaa inayojifanya shibe aliijua. Akamwuliza ghala la juu lina nini.

"Limejaa, mama. Limejaa mpaka darini."

"Na mnakula vipi?"

Kijana alieleza kwamba mwanzoni walilamba uji wa uyoga uliokuwa umebaki vyomboni. Ulipoisha, waligundua kuwa hakuna mwenye taya linaloweza kufikisha kitu kinywani, sembuse kutafuna nyasi kavu. Sasa wanalamba umande mlangoni. Hakuna anayesema, kwa sababu anayelalamika huambiwa arudi kunyonya.

Kalunde akalitafuna lile tonge, akamtia kinywani. Alipokwisha kumeza, akamwuliza habari za Lugembe.

"Yupo," kijana akasema. "Jana alianguka akiwa zamu. Tulimwegemeza ukutani, wakubwa wasimwone."

Kalunde alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mabula. Alimweleza yote, akamwomba asimruhusu mtu yeyote kunoa. Njia zote za juu zizibwe kwa udongo na mate, kisha watu warudi bustanini. Mabula alisema kujifungia ndani ni kushindwa.

"Mzee, sisi tuna vinywa," Kalunde akasema. "Wao wana mataya tu. Tuwangoje."

Mabula akauliza, "Na mwanao je?"

"Ndiyo maana naomba tuanze leo, tusingoje kesho."

Wakaziba. Siku ya kwanza Mataya walipiga ukuta mpaka vumbi likawamwagikia Wapishi vichwani. Siku ya pili walipiga kidogo. Kalunde alikuwa amechagua bustani iliyo karibu na ukuta ule, akapalilia hapo bila kuinua kichwa, na kila kishindo kilipokuwa hafifu kuliko kilichotangulia, alijua vita inakwisha na alijua inakwisha kwa njaa ya nani. Siku ya nne kukawa kimya. Siku ya tano ikasikika sauti upande wa pili ikiuliza, kwa adabu, kama kuna mtu.

Wapo Wapishi waliosema waachwe wafe. Kalunde hakubishana nao. Aliwauliza tu nani kati yao atatoka siafu wakija. Mzee Mabula akasema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na akatoa masharti. Mataya watarudisha ghala, watalinda mlango, na hawatatawala. Wapishi watawatafunia. Atakayemwuma ndugu yake hatalipiziwa kisasi, ila hatapata wa kumtafunia.

Ukuta ukabomolewa, nao wakatoka wakiburura vichwa. Lugembe alikuwa karibu na mwisho, ameshikwa na wenzake wawili. Kalunde alikuwa ameshatafuna.

"Fungua kinywa."

"Mama, mimi si mtoto."

"Najua. Fungua."

Akafungua. Alimeza tonge la kwanza, la pili, na la tatu akaomba mwenyewe. Hapo Kalunde akaketi kwa mara ya kwanza tangu vita ianze. Akavuta pumzi. Kisha akamwambia aliyekuwa nyuma ya Lugembe asogee, foleni ilikuwa ndefu.

Mataya yale hayakurudi udogoni, na watoto waliozaliwa wa kulinda mlango walizaliwa nayo. Ndiyo sababu ukikipiga kichuguu jembe leo, wenye vichwa vikubwa hutoka kwanza, wakakung'ang'ania vidole. Nyuma yao huja wenye vichwa vidogo, kila mmoja na kidonge chake cha udongo mbichi, wakaziba tundu. Na hatari ikishapita, toka siku ile ya Kalunde mpaka hii ya leo, wale wenye silaha huingia ndani, huinamisha vichwa mbele ya wasio na silaha, na kungoja walishwe.