Mfalme Aliyeamka Akiwa Mwanawe

Wapendwa, Biblia zenu zifungeni kidogo, tutazirudia. Na ninyi vijana wa kule nyuma, mnaodhani mchungaji hajui lolote la kompyuta, leo kaeni sawa, maana mfano wangu unatoka humo humo kwenye kompyuta.

Palikuwa na mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga, katika mji mdogo wa mlimani, kule ambako hata saa saba mchana watu wamevaa sweta. Alikuwa na wana wawili. Wa kwanza Tumsifu, wa pili Elirehema. Kwa hiyo mji mzima ulimwita Baba Tumsifu, na mkewe Mama Tumsifu, kama ilivyo kawaida yetu: ukishazaa, jina lako mwenyewe linakwenda likizo.

Sasa, huyu Tumsifu aliiogopa ile mashine. Akiwa kijana aliona mkanda ukimvuta mfanyakazi mkono, na tangu siku ile akisogea karibu tu, jasho linamtoka. Akamwambia mzee, "Baba, nipe kazi nyingine yoyote, nitaifanya. Hii siiwezi." Akaenda kujifunza kushona. Magauni, jamani! Mtoto wa kwanza wa mwenye mashine anashona magauni ya harusi! Mzee aliona amevuliwa nguo hadharani. Wakagombana vibaya, na Tumsifu akabeba cherehani yake akahamia mji mwingine. Mnadhani mzee aliishia hapo? Wapi! Alitangaza kwamba kuanzia siku ile asiitwe tena Baba Tumsifu. Aitwe Baba Elirehema. Na watu, kwa kuwa walitaka unga wao usagwe, wakamwita hivyo.

Mkewe peke yake alikataa. "Mimi nilimzaa Tumsifu kwanza," alisema. "Tumbo langu halina mapinduzi."

Miaka ikaenda. Mzee akateleza bafuni, akavunjika nyonga, daktari akamwamuru atulie nyumbani. Elirehema, ambaye sasa ndiye aliyeendesha mashine, akamwonea huruma baba yake anavyokaa kutwa akihesabu mbao za dari. Akamletea kompyuta, akamwekea mchezo wa wafalme wa zamani.

Niwaelezeni mchezo wenyewe. Unapewa mfalme, na ngome, na malkia, na majirani wenye tamaa. Watoto wanazaliwa, unawapa majina mwenyewe. Chini ya picha ya kila mtu pameandikwa tabia zake: huyu jasiri, huyu mchoyo, huyu mpole. Pameandikwa pia anakupenda au anakuchukia kiasi gani. Unamchagulia mtoto mwalimu, unamtafutia mchumba, unampa jeshi au unamnyima. Na mfalme akifa, mchezo hauishi. Unaendelea kucheza, ila sasa wewe ni yule mrithi wake. Hilo la mwisho lishikeni, maana mzee wetu alilisikia kwa sikio moja tu.

Mchezo ulimwingia mzee mpaka kwenye mifupa. Mkewe anamwita chakula kinapoa, yeye yuko vitani. Mfalme wake akapata wana wawili, naye bila hata kuwaza akawapa majina ya wanawe: Tumsifu na Elirehema. Na ajabu ni kwamba yule mwanamfalme wa kwanza alitokea mpole, mwoga, mpenda vitabu. Mzee akacheka peke yake. "Hata humu yumo!"

Elirehema wa kwenye mchezo akapewa mwalimu bora kuliko wote, farasi, na jeshi lote la mpakani. Tumsifu hakupewa mwalimu. Lakini sheria ya ufalme ule ilisema kiti ni cha mtoto wa kwanza, mpaka mabwana wa nchi wakubali kubadilisha, na mabwana wale walikuwa wazito. Basi mzee, wakati anawasubiri, akamsingizia Tumsifu kwamba anapanga kumpindua baba yake. Akamtupa kwenye shimo la gereza chini ya ngome.

Mkewe alikuwa ameleta chai. Akasimama nyuma yake, akatazama ile picha ya kijana mwenye minyororo.

"Huyo aliyefungwa ni nani?"

"Mtoto wa mfalme."

"Anaitwaje?"

Mzee akakohoa. "Ah, mama, huu ni mchezo tu."

"Sawa, ni mchezo," mkewe akasema. "Lakini mchezo haukukuchagulia jina. Umelichagua wewe." Akaweka kikombe mezani akaondoka.

Haya yalitokea wiki ile ile ambayo mzee alikuwa ameita kikao cha ukoo. Jumamosi wazee walikuwa waje, Elirehema akabidhiwe funguo za mashine na shamba, na Tumsifu afutwe mbele ya mashahidi. Kufutwa kabisa! Asizikwe hata kwenye ardhi ya babu zake. Mnaelewa uzito wake, wapendwa? Kwetu sisi kumnyima mtu kaburi ni kumwambia hakuwahi kuzaliwa.

Alhamisi mchana mzee alikuwa anacheza. Mabwana wa nchi walikuwa wamebakia kidogo tu kukubali. Mara mfalme wake akashikwa na homa, na kabla mzee hajatafuta hata tabibu, mfalme akafa. Kioo kikawa cheusi. Halafu yakatokea maandishi: Wewe sasa ni Mfalme Tumsifu.

Mzee alishtuka, miwani ikamteleza puani. "Hapana," akasema. "Hapana, hapana, si huyu!" Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Mchezo haurudi nyuma. Ikambidi amtazame huyo mfalme ambaye sasa alikuwa yeye. Uso umekonda. Ule upole umefutika, pameandikwa: mgonjwa, mwenye hofu, asiyemwamini mtu. Hana mke. Hana mtoto. Mabwana wote wa nchi wanamdharau, kwa sababu mfalme aliyetangulia aliwafundisha kumdharau. Na pembeni ya picha ya marehemu baba yake, chuki imejaa mpaka juu.

Mzee akapiga meza kwa hasira akapaza sauti, "Nani amemharibu huyu mtoto hivi?"

Alikuwa peke yake chumbani. Akabaki na mdomo wazi, mkono uko mezani, akawa kama mtu aliyejimwagia maji ya moto na bado hajaanza kulia.

Hata hakupewa nafasi ya kufikiri. Mpakani jeshi limeondoka, linakuja. La nani? La Elirehema! Mzee alijitahidi, jamani, alijitahidi kumwokoa Tumsifu. Akaomba msaada kwa mabwana, wakakataa. Akatafuta askari, hawapo, wote alikwisha kumpa yule mwingine kwa mkono wake. Ngome ikavunjwa. Kioo kikaandika: Umeuawa na ndugu yako.

Na kwa kuwa Tumsifu hakuwa na mtoto, mrithi wake alikuwa nani? Mnaona? Kioo kikawaka tena: Wewe sasa ni Mfalme Elirehema. Na chini ya ile picha nzuri, mahali palipoandikwa jasiri, pameongezwa neno jingine: muuaji wa ndugu.

Mzee alizima kompyuta kwa kung'oa waya ukutani. Kwanza alikuwa yule aliyetupwa shimoni. Halafu akawa yule aliyemuua. Wote wawili walikuwa yeye!

Wakati huo huo Elirehema wa kweli akaingia kula chakula cha mchana, nywele nyeupe kwa unga. "Shikamoo baba. Mbona umekaa hivyo, umeona mzimu?"

"Marahaba." Mzee akamgeukia. "Mwanangu, nikuulize. Jumamosi nikishakupa funguo, kaka yako akija kusalimia, utamfanyaje?"

Elirehema akacheka, anavuta kiti. "Kaka yupi? Akionekana pale getini nafungulia mbwa."

"Mbwa? Kwa ndugu yako wa tumbo moja? Nani amekufundisha maneno hayo?"

Kijana akaacha kucheka. Alimtazama baba yake kwa mshangao wa kweli, hakuwa na ubaya wowote usoni. "Si wewe, baba? Si ndivyo ulivyosema wewe pale getini, siku kaka alipoondoka na cherehani yake? Mimi ndiye niliyemshika mbwa."

Mzee hakuweza kula.

Jumamosi wazee wa ukoo wakafika, wakapewa chai na maandazi, wakakaa. Mzee akasimama na mkongojo wake. Akasema, "Wazee wangu, mnisamehe kwa kuwasumbua. Funguo simpi mtu leo. Nakwenda kumwomba radhi mwanangu Tumsifu."

Sebule ikalipuka kwa kelele! Mzee mmoja akadondosha kikombe. "Umwombe radhi mtoto? Wewe uliyemzaa? Tangu lini baba akamwomba radhi mtoto katika ukoo huu?"

"Hakuna aliyewahi," mzee akajibu. "Ndiyo maana tuko hivi tulivyo."

Akamgeukia mkewe. "Mama Tumsifu, twende." Miaka yote ile hakuwa amemwita hivyo. Mama wa watu alikuwa tayari amechukua mtandio.

Sasa mnasubiri niwape ule mwisho mzuri, eti? Baba anafika, mwana anaruka, wanakumbatiana, kwaya inaimba. Ngojeni kwanza.

Walifika mji ule jioni jua likiwa bado lipo, wakaelekezwa kwenye chumba kimoja kilichotundikwa magauni meupe mlangoni. Mzee alikuwa amejiandaa njia nzima. Alijiandaa kufukuzwa. Alijiandaa kutukanwa. Hata mbwa alimtarajia. Alipofika mlangoni, kabla hajabisha hodi, akasikia sauti ndani.

"Umekata nini hapa? Umekata nini? Kitambaa cha watu! Mtoto gani wewe huna hata faida! Ningejua, bora nisingekuzaa!"

Mtoto mdogo wa kike akalia, kile kilio cha kuzuia pumzi ili asisikike.

Mkongojo ulimtoka mzee mkononi. Kwa sababu ile sauti aliifahamu. Ilikuwa sauti yake. Na yale maneno ya mwisho, yale mawili matatu, ndiyo aliyomwambia Tumsifu siku ya ugomvi, pale uani, mashine ikinguruma. Hakuwahi kumwambia mtu. Wala mkewe hakuyajua. Walikuwa wawili tu, yeye na Tumsifu. Na huyu hapa Tumsifu, yule mpole, yule asiyeweza kumpigia kelele hata kuku, anamrithisha mwanawe neno kwa neno.

Mzee akaingia. Mwanawe akageuka, mkasi mkononi, rangi ikamtoka usoni. Mzee hakumsalimia. Alimpita. Akaenda mpaka kwenye kona alikojikunyata mjukuu asiyemjua, akainama na nyonga yake mbovu mpaka akapiga magoti sakafuni kwenye vipande vya vitambaa, akasema, "Mjukuu wangu, usilie. Hayo maneno si ya baba yako. Ni yangu. Mimi ndiye niliyempa."

Ndipo Tumsifu alipoweka mkasi chini na kuanza kulia.

Wapendwa, nani alikuwa mrithi wa mzee huyu? Elirehema aliyeandaliwa funguo? Tumsifu aliyeandaliwa kufutwa? Sisi tunaita vikao, tunakunywa chai ya watu, tunabishana nani apewe shamba na nani apewe nyumba ya barabarani. Na wewe baba hapo umeapa kwamba yule mtoto aliyekuudhi hatapata kitu chako. Wewe mama nawe umeapa. Hatapata kitu? Wewe! Amekwisha kupata! Alipata siku ile ulipomfokea mbele ya wageni. Alipata ulipokaa kimya wiki nzima bila kuitikia salamu yake. Na yule unayempenda naye alikuwa amekaa pale anakuangalia, akapata sehemu yake. Hakuna uliyemnyima. Katika jambo hili sisi ni wakarimu mno, na inatisha.

Mzee wa mfano wangu alibahatika. Mchezo ulimvalisha ngozi ya mwanawe mchana kweupe, akaona alichokifanya akiwa bado anapumua. Sisi hakuna kioo kitakachotuandikia. Tutakufa, watu watatusifu kwa maneno mazuri, tutafukiwa. Na kesho yake, kwenye chumba fulani, mtu atafungua mdomo na sauti yetu itatoka.

Ibada ikiisha leo, usikimbilie kusalimiana pale nje. Simama pembeni, mpigie mwanao. Asipopokea, mpigie tena. Na akipokea, usianze kumuuliza kwa nini hajakupigia. Anza wewe.